Mbegu Zilizotundikwa Juu ya Jiko la Umeme

Nimeacha kazi. Kanisani wanacheka wakinisikia nasema nimestaafu, mtu ambaye hata hamsini sijafika, lakini sina neno lingine. Chumba chetu cha kupima mbegu kimehamishiwa mkoa mwingine, mbali sana, wakaniuliza kama nitakwenda nacho. Nina watoto watatu shuleni, nina kwaya, nina mama mkwe ambaye hapandi lifti. Nikasema hapana, asante, Mungu awabariki.

Aline na Chantal, ninyi mmebaki kwenye mbegu, mmoja kwenye kufungasha na mwingine kwenye kitalu, na mmenisumbua muda mrefu niwaandikie niliyoyaona. Nawaandikia kwa Kiswahili chetu hiki tunachoongea. Kiingereza changu nilikipata shule ya jioni na mpaka leo kina usingizi. Mishahara sitaiandika. Nani alipandishwa cheo na nani aliachwa, hayo pia sitayagusa, wenyewe wako hai na wana simu.

Nilianza mwaka 2015, kwa kufagia. Kampuni ilikuwa mashariki ya mji huu wa Johannesburg, upande wa uwanja wa ndege, ghala refu la mabati lenye mbegu za mboga za kila aina. Siku ya kwanza msimamizi alinipa ufagio na glavu, akasema nisiguse macho kabla ya kunawa, akaenda zake. Sakafuni kulikuwa na vitu vidogo vya duara, vyekundu, vya bluu, vya kijani. Nilivifagia asubuhi nzima nikiwaza ni kampuni gani hii inayomwaga pipi chini. Mchana ndipo nikaambiwa ni mbegu zilizopakwa dawa. Nikafurahi kwamba sikuwabebea watoto.

Mle ndani kulikuwa na kitu kimoja kilichonisumbua. Mbegu za vitunguu zilikaa kwenye chumba baridi, mlango mzito kama wa bucha, na mbegu za nyanya zilikaa nje kwenye rafu kama watu wengine. Nilimuuliza msimamizi kwa nini. Akasema ndivyo ilivyo. Jibu hilo nililisikia sana utotoni na halikuwahi kunishibisha. Basi nikangoja mama mmoja wa koti jeupe aliyekuwa akipita na trei kila saa ya chai. Jina lake Dineo. Ni Msotho wa Soweto, na kwao mama ni Mme, kwa hiyo sote tulimwita Mme Dineo. Nikamuuliza yeye.

Alisimama, akaangalia ufagio wangu, akaniangalia mimi.

"Mbegu ya kitunguu inazeeka haraka," akasema. "Ukiiacha hapa nje kiangazi kimoja, inakuwa bibi."

"Na nyanya?"

"Nyanya ina subira."

"Subira inaipata wapi?"

"Eish," akasema. "Wewe una maswali ya mtu ambaye hajachoka. Njoo saa ya chai."

Nilikwenda saa ile ya chai, na nyingine, na nyingine. Baadaye nilipomaliza mtihani wa sayansi wa shule ya jioni, alinichukua ndani ya chumba chake, na huko ndiko nilikokaa mpaka mwisho.

Niwaambie vifaa, maana vifaa ndivyo vinavyofundisha kwanza. Kibano chembamba cha kuchukulia mbegu moja moja. Karatasi nene za kunyonya maji, unapanga mbegu juu yake kwa mistari, unafunika na nyingine, unakunja kama chapati ya mayai. Kabati la joto lenye taa ndani, mchana linakuwa na joto, usiku linapoa, kwa sababu mbegu nyingi zinataka kudanganywa kwamba ziko shambani. Na kuna ofeni ndogo ya kupima maji yaliyo ndani ya mbegu: unazisaga, unazipima uzito, unazikausha, unazipima tena. Kilichopungua ni maji. Mtu akikuambia mbegu zake ni kavu kwa sababu zinatoa mlio kwenye pakiti, mwambie hata mvua inatoa mlio.

Kila asubuhi kabla ya kufungua kabati niliomba kimoyomoyo. Mme Dineo alinijua.

"Umemaliza kuomba?"

"Nimemaliza."

"Basi fungua. Zilizokufa zimekufa kabla hujaamka."

Yeye ni mtu wa kanisa pia, kanisa la vazi la kijani na nyota, lakini anasema Mungu haingilii kipimo.

Jambo kubwa alilonifundisha ni kwamba mbegu haifi siku moja. Mimi nilidhani iko hai au imekufa, basi. Kumbe kuna njia ndefu katikati. Kwanza inapoteza haraka yake. Ile iliyokuwa inaota mapema sasa inachelewa. Halafu inapoteza nguvu: inaota kwenye karatasi yetu yenye joto zuri, lakini ukiipeleka shambani kwenye udongo wa baridi inashindwa. Halafu inaanza kuota vibaya, mzizi umevimba, au majani yanatoka na mzizi haupo kabisa. Mwisho ndipo inakufa. Na vitu viwili vinaisukuma kwenye njia hiyo, joto na unyevu, na vikiwa pamoja ndiyo hatari.

Niliona hilo kwa macho mwaka 2016. Mkulima alirudisha makopo ya kitunguu, hasira mpaka masikioni. Sisi tulikuwa tumepima mbegu zile zikaota vizuri. Shambani kwake zilitoka chache, zimelegea. Mme Dineo alichukua kipimajoto akanipeleka kwenye ghala ambapo makopo yale yalikuwa yamengoja gari, akapanda ngazi mpaka rafu ya juu kabisa, chini ya bati. Akaniambia na mimi nipande. Kichwa changu kilipofika juu nilihisi kama nimefungua sufuria. Chini tulikuwa tumevaa sweta.

"Kopo limekaa hapa," akasema. "Sisi tulipima lililokaa chini."

Kisha akachukua mbegu za makopo yale na za rafu ya chini akaziweka kwenye kisanduku chenye maji chini na joto kali, mbegu juu ya wavu zisiguse maji, akaziacha humo siku chache. Tulikiita kisanduku cha uzee. Mbegu yenye nguvu inatoka humo bado inaota, iliyochoka haitoki. Za rafu ya chini zilitoka. Za rafu ya juu, karibu zote zilibaki humo humo. Mkulima alipewa mbegu nyingine na rafu ya juu ikawekwa maboksi matupu. Mimi nilirudi nyumbani nikaangalia kabati zangu zote kwa jicho lingine.

Sasa niwasimulie ya Mama Godeliva, maana hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizoshika, na haikuwa hata ya kampuni.

Mama Godeliva ni mjane wa Burundi, tunasali naye. Mnaifahamu ile sauti yake kwenye maombi. Kwa miaka mingi alilima nyuma ya kanisa, kile kipande cha kusini karibu na ghala la matairi, na alilima kitu kimoja kilichomfanya ajulikane: nyanya chungu za kwao, wenyewe wanaita intore. Si zile za kijani za duara zinazouzwa kila mahali. Za kwake ni ndefu kidogo, nyeupe kama maziwa, na uchungu wake unakuja taratibu, unakaa nyuma ya ulimi. Warundi walikuwa wanatoka mpaka Pretoria kuzifuata. Hizo ndizo zilimlipia chumba chake cha kupanga, mtaa wa Hillbrow.

Na hakumpa mtu mbegu. Mama Sifa, mwenzetu wa Uvira anayeuza lengalenga, yaani mchicha, na viazi karibu naye, alimwomba mara nyingi. Mama Godeliva alikuwa anasema, "Mungu akupe zako." Tena aliuza zikiwa changa tu, nyeupe, maana intore changa mbegu zake hazijakomaa, hazioti. Ukinunua kwake unakula, hupandi. Alijua anachofanya.

Halafu nyonga yake ikaharibika. Akafanyiwa upasuaji, akakaa misimu miwili bila kulima. Mbegu zake zilikuwa kwenye kitambaa, zimetundikwa kwenye msumari. Mwaka 2017, mwezi wa nane, alianza kutembea vizuri, akapanda nusu ya mbegu kwenye trei. Haikutoka hata moja. Baada ya ibada akanivuta pembeni.

"Wewe mtoto wa Bukavu, si unafanya kazi ya mbegu?"

"Ndiyo, mama."

"Wamenifungia mbegu zisiote."

"Nani?"

"Nikimjua nitakuambia." Akamwangalia Mama Sifa, ambaye alikuwa anakunja viti vya plastiki bila habari.

"Mama, tusianze hivyo. Zilikuwa zimekaa wapi?"

"Pale pale mbegu zinapokaa. Juu ya jiko."

Nilikwenda kwake wiki hiyo. Chumba kiko ghorofa ya juu, jikoni anachangia na familia mbili. Msumari uko juu ya jiko la umeme, na chini yake siku nzima kuna sufuria. Maharage ya mmoja, fufu ya mwingine, chai ya wote. Dirisha limebanwa na ubao. Kitambaa chenyewe nilipokigusa kilikuwa laini, kile kitu ambacho si kimelowa lakini si kikavu.

Ninyi mmezaliwa mjini, labda hamjui. Kwetu mbegu zinatundikwa juu ya mafiga. Mama yangu alifanya hivyo, na mama wa Godeliva, na wote tuliona zinaota. Kwa hiyo alipofika Johannesburg akatafuta jiko, akapiga msumari juu yake. Kila mwaka alipanda mapema, kabla madhara hayajaonekana. Safari hii zilikaa misimu miwili.

Kazini nilimweleza Mme Dineo. Nilitegemea acheke.

"Bibi yangu pia alitundika mahindi juu ya moto," akasema. "Na yaliota."

"Sasa jiko la umeme lina kosa gani?"

"Niambie wewe. Ndiyo kazi yako."

Nilifikiri siku nzima, mpaka njiani. Nilipofika nyumbani nilichukua vikombe viwili vya chumvi, kimoja nikaweka juu ya kabati linalokaa juu ya jiko langu, kingine ndani ya kabati la nguo. Mama mkwe akauliza kama nimeanza uchawi. Nikamwambia ni sayansi. Akasema basi sayansi isiharibu chumvi. Baada ya wiki, chumvi ya jikoni ilikuwa imeshikana, ukigeuza kikombe haimwagiki. Ya kwenye nguo ilitiririka kama mchanga.

Pale nikaelewa. Nyumba ya nyasi inapumua. Moshi unapanda, unatoka, unabeba unyevu, unafukuza wadudu, na mbegu inabaki kavu. Mama zetu walidhani ni moto unaolinda mbegu, lakini kilichokuwa kinalinda ni ukavu. Jikoni kwa Mama Godeliva hakuna moshi. Kuna mvuke, na hauna pa kutokea. Kitambaa kile kilikuwa kisanduku cha uzee. Tofauti ni kwamba sisi kazini tulizeesha kwa siku chache kwa makusudi, yeye alizeesha misimu miwili kwa upendo.

Nilimrudia nikamwambia.

"Kwa hiyo hakuna aliyenifungia."

"Hakuna."

"Hata huyo wa lengalenga?"

"Hata huyo, mama."

"Bon," akasema. "Sasa zilizobaki?"

Zilizobaki zilijaa kijiko cha chai. Ndizo zilikuwa za mwisho. Kwao hakuna aliyebaki wa kumtumia nyingine. Dada yake alikufa na shamba likauzwa. Zikifa hizi, intore nyeupe ya Mama Godeliva imekwisha, na chumba pia. Yeye alitaka kuziloweka maji ya uvuguvugu usiku mzima, kama alivyofanya kwa zile za trei, azipande zote asubuhi.

Mme Dineo aliposikia maji ya uvuguvugu alishika kichwa. Mbegu iliyozeeka, ngozi zake za ndani zimechoka. Ukiitumbukiza kwenye maji inanywa kwa fujo mpaka inapasuka ndani. Kijana anavumilia, mzee anazama. Inabidi ianze kwa hewa yenye unyevu, ivute kidogo kidogo, ndipo iwekwe kwenye karatasi.

"Tuzilete hapa?" nikauliza. "Kwenye kabati?"

"Kabati si la kanisa. Na dawa zetu zitakuja kusingiziwa."

"Basi tupime chache kwanza, tujue kama kuna uhai."

"Upime chache kutoka kijiko kimoja?" Akanitazama vile anavyotazama mtu aliyekunja karatasi vibaya. "Hapa tunapima ili tujue. Huyo mama hahitaji kujua, anahitaji miche. Kipimo chako ndicho kitalu chako. Kila itakayotoa mzizi, inaenda kwenye udongo."

Nilifanyia nyumbani. Bakuli la plastiki la aiskrimu, maji chini, wavu wa chujio juu yake, mbegu kwenye wavu, mfuniko. Siku mbili hivyo. Kisha nikazihamishia kwenye karatasi za jikoni zenye unyevu, ndani ya bakuli lingine, na nikaliweka juu ya friji, kule nyuma ambako pana joto. Mchana juu ya friji, usiku mezani, kama kabati la kazini. Mama Godeliva alipoona alikasirika.

"Wewe si umesema joto na unyevu ndivyo viliua?"

"Ndivyo, mama. Vinaua inayolala. Inayoamka inavihitaji."

"Hiyo dini yenu ina mambo."

"Ni ile ile tu. Kulala kuna sharti lake na kuamka kuna lake."

Tuliomba pamoja, mkono juu ya mfuniko. Nasema ukweli, nilikuwa na hofu kuliko siku yoyote kazini. Kazini mbegu zikifa unaandika namba. Hapa alikuwa anapiga simu asubuhi na jioni. "Zimesema nini?" "Bado, mama." "Na wewe usizikodolee macho, zitaona haya."

Kitabu cha kazini kinasema bilinganya na ndugu zake unawapa muda fulani, halafu unafunga kipimo. Muda ule ulifika, hakuna kitu. Mbegu nyingine zilikuwa zimeota ukungu, nikazitoa kwa kibano moja moja zisiambukize. Nikamwambia Mme Dineo kwamba nimefunga.

"Nani amekuambia ufunge?"

"Kitabu."

"Kitabu kinapima mbegu ya kuuza. Hii ya kwako haiuzwi. Ngoja."

Tukangoja. Mama mkwe alitaka sehemu yake juu ya friji irudi, anaweka redio pale. Na asubuhi moja nilipofungua, mbegu moja ilikuwa imetoa kitu cheupe, kifupi kuliko punje ya sukari. Nikaita watoto. Wakaangalia, wakasema, "Sharp, mama," yaani safi, wakaenda shule. Watoto wa Johannesburg hao.

Kwa wiki iliyofuata zilitoka nyingine, kila moja kwa wakati wake, zimetawanyika, kama wazee wanavyotoka kwenye ibada. Nyingine zilitoa majani bila mzizi, nikajua haziendi popote. Moja ilijikunja kama ndoano. Zile zilizokuwa na mzizi mzuri nilizipeleka kwenye vikombe vya maziwa ya mgando vilivyotobolewa. Baridi ya usiku ikachukua nyingine, konokono akachukua nyingine. Mwezi wa kumi tulihamisha miche minne nyuma ya kanisa. Minne kutoka kijiko kizima.

Mama Godeliva aliizungushia vipande vya matofali, akafunika na chandarua cha zamani kwa ajili ya mvua ya mawe. Mvua ya mawe ya huku mnaijua, inavunja vioo vya magari. Ilikuja mara mbili. Chandarua kilichanika, miche ikasimama.

Mwanzoni mwa 2018 ikazaa, nyeupe, ndefu kidogo. Simu zikaanza kutoka Pretoria. Hapo tulibishana kweli kweli.

"Naanza kuuza Jumamosi," akasema.

"Mama, ukichuma changa huna mbegu."

"Nitaacha chache."

"Miche hii imetoka kwa wazee waliobaki wachache. Acha ikomae yote msimu huu. Matunda yawe mekundu kabisa, yalainike."

"Na chumba nakilipa na nini, na matunda mekundu?"

Niliongea na akina mama wa kanisa, tukamkusanyia kidogo, na Mama Sifa akasema anaweza kumpa nusu ya meza yake auze lengalenga mpaka msimu uishe. Mama Godeliva hakusema asante. Alisema, "Lengalenga yako ina mchanga, uioshe kwanza." Lakini aliuza.

Matunda yakawa ya njano, ya machungwa, mekundu. Tuliyakata, tukakamua mbegu kwenye ndoo, tukaosha, zilizoelea tukatupa. Tukaanika kivulini juu ya shuka, si juani. Nikamfundisha kipimo cha maskini: unaweka mbegu kwenye chupa ya kioo na chumvi kavu, unatikisa, unaacha kidogo, chumvi ikishika ukuta wa chupa, mbegu bado zina maji. Tulirudia mpaka chumvi ikaanguka yote. Kisha tukaweka kwenye chupa ya kahawa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja ndani ya viatu vipya, tukafunga kwa nguvu. Friji ya kwake wanachangia watu wengi mno, kwa hiyo chupa ikalala kwenye friji ya kanisa, nyuma ya soda za harusi.

Nikadhani tumemaliza. Mapema 2019 umeme ukaanza kukatwa kwa zamu mji mzima, na friji ya kanisa ikawa inazima na kuwaka. Shemasi wetu, mtu mwema kabisa, aliogopa vitu visioze. Akatoa kila kitu, akafikia chupa ya baridi, akaifungua anuse kama mboga ndani imeharibika, akaiacha wazi mezani akisafisha friji. Mnajua kinachotokea. Hewa ya joto ikaingia kwenye chupa baridi, na ikageuka umande juu ya mbegu. Akafunika akairudisha.

Tulijua siku tatu baadaye. Tone lilikuwa limekaa kwenye kioo kwa ndani. Mama Godeliva aliketi kwenye kiti cha plastiki akashika nyonga yake.

"Zimekufa?"

"Hapana. Tumewahi. Tunazikausha tena."

"Na mwaka ujao akija shemasi mwingine?"

Nilisema tutaandika karatasi tubandike, usifungue mpaka chupa ipate joto la chumba, na kadhalika. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anaangalia chupa.

"Zote ziko humu," akasema.

"Zote, mama."

Tulizikausha, nikachukua chache nikazipima nyumbani, zikaota haraka na wima, zote isipokuwa moja. Nilimwonyesha Mme Dineo picha kwenye simu. Alikuza picha kwa vidole, akaangalia mizizi muda mrefu, akasema, "Hawa ni watoto kweli." Ilikuwa wiki zile tuliambiwa chumba chetu kinahama. Yeye alikubali kuhama. Mimi nilikuwa nimeshasema hapana.

Mwezi wa nane wa mwaka huo huo, baada ya ibada, Mama Godeliva alitoka na chupa ya kahawa chini ya kitenge. Ilikuwa imekaa nje ya friji tangu jana yake, kama nilivyomfundisha. Alikuwa na kijiko. Aliwaita akina mama watatu wenye bustani pale nyuma, na wa tatu alikuwa Mama Sifa, ambaye alikuja akijifuta mikono, hajui anaitiwa nini.

"Lete kopo," Mama Godeliva akamwambia.

"La nini?"

"Wewe uliomba miaka yote, leo unauliza la nini."

Mama Sifa akatafuta kopo kwenye mfuko wake, akapata la unga wa maziwa, limekauka vizuri. Mama Godeliva akalinusa, akapitisha kidole ndani, akachota kijiko kimoja kamili, akamimina. Hakikudondoka kitu.

"Usitundike jikoni."

"Nitaweka wapi?"

"Chini ya kitanda, mahali pakavu. Na ukivuna, uache zingine ziive nyekundu, usiwe na tamaa kama mimi. Na Jumamosi usiuze intore. Jumamosi ni yangu."

"Na Jumapili?"

"Jumapili ni ya Mungu, na mimi nitakuwa nakuangalia."

Mama Sifa alifunga kopo. Halafu akalifungua tena, akainamisha kichwa kuona kama ziko humo kweli, na Mama Godeliva akampiga mkono.

"Funga," akasema. "Unaingiza hewa."